Mshenga wa Vifundo

Ghala hili lilikuwa la pareto.
Miaka mingi imepita tangu gunia la mwisho litoke,
na mpaka leo mbu hathubutu kupita mlangoni.
Wanaocheza wanapiga chafya kwa mdundo wangu.
Nje, Nakuru ina baridi yake ya saa sita usiku,
jenereta ya Wanyeki inakoroma kando ya reli.

Mbele yangu meza ya kupigia pasi,
kompyuta yenye ufa,
na kisanduku cha vifundo vinane, vitelezi vinane,
nilichouziwa na mtu wa Kaptembwo aliyeokoka akaacha muziki.
Kifundo cha nne ni cha shangazi, Bi Tatu.
Nilimrekodi kwa simu, uani Bondeni, akipeta mchele:
shwa, shwa, kimya, shwa,
na katikati, akidhani yuko peke yake,
akanong'ona jina la mtu.
Kifundo kikienda kulia, ungo unakaribia.
Kikienda kushoto, unarudi uani.

Leo kimekufa.
Nakizungusha, kinazunguka kama jicho la mlevi,
hakuna kinachosogea.
Yamebaki mapigo sitini na manne kabla ya zamu ya ungo,
na ngoma haijui msiba.

Bi Tatu alikuwa mshenga.
Alibeba posa za watu kwenye mkoba mweusi wa ngozi
Bondeni nzima, Njoro, mpaka Gilgil,
na hakuna siku aliyokimbia.
"Ndoa ya haraka," alisema, "huoza kabla ya kuozwa."
Kwake fundo ni la kanga penye noti,
au la moyoni, penye mambo yasiyoulizwa.

Nisamehe, shangazi. Nina mapigo arobaini.

Nabonyeza kitufe cha kuunganisha.
Skrini yote inageuka samawati,
kila sauti imesimama inasubiri kuguswa.
Sheria yake ni hii: ukishachagua sauti,
chochote utakachogusa kwanza,
kwa kupenda au kwa kujikwaa,
hicho ndicho mume.
Mahari hakuna. Kuulizwa mara tatu hakuna.
Talaka yake haina eda.

Nachagua ungo.
Nanyoosha kidole kwa kifundo cha saba,
mgane tangu wimbo wa pili,
na Chelagat, anayenimulikia kwa tochi ya simu,
anapiga chafya.
Kiwiko chake, mkono wangu,
na kitelezi cha nane, kile kinachoshika sauti yote ya ghala,
kinasogea unywele mmoja.

Samawati inazimika. Imepita.

Basi wameoana: ungo wa Bi Tatu
na ukubwa wa kila kitu.
Nikimwinua yeye, besi inainuka naye.
Nikimshusha, ghala zima linanyamaza.
Mapigo manane.
Naweza kuivunja hii, muda upo, kidole kipo.
Mapigo manne.
Nashusha.

Watu mia mbili, mguu mmoja hewani.
Jenereta peke yake. Mtu anauliza, "Stima?"
Kisha polepole napandisha,
shwa,
na besi inakuja nyuma yake kama mkwe aliyefundwa,
shwa,
kimya,
halafu lile jina, kubwa kuliko ghala,
jina ambalo si la marehemu mumewe,
linagonga mabati, linarudi.

Wanapiga mayowe. Wanalitaka tena.
Nawapa tena.

Saa kumi na moja alfajiri nakunja nyaya.
Kompyuta inauliza kama nihifadhi mabadiliko.
Chelagat anasema ndiyo, mjinga wewe, ndiyo.
Kidole changu kiko juu ya kitufe.
Leo Jumapili. Mchana nitakula Bondeni,
na Bi Tatu, kama kawaida yake,
atataka kujua usiku nimemwoza nani kwa nani,
huku anautikisa ungo,
anatoa mawe.